Barabara ya mezani kwa vita vya magari: tuanze na maji na magurudumu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi na binamu zangu wawili hapa Tanga tumeanza kucheza vita vya magari mezani kwa kutumia magari madogo ya kuchezea, yale ya skeli ya 1:64. Meza yetu ni futi sita kwa nne. Nimetengeneza barabara kwa hadibodi ya milimita 3. Nilikata vipande vya upana wa sentimita 12, nikavipaka gundi nyeupe na kumwagia mchanga wa pwani, kisha nikapaka rangi nyeusi na kuchora mstari mweupe katikati. Sikuridhika. Vipande vimepinda, kingo zimesimama wima, na ukitazama kwa mbali unaona ubao wa darasani uliolazwa mezani. Binamu mmoja anasema dawa ni kugandisha msasa juu yake, mwingine anasema ninunue silikoni ya bomba. Nataka upande mmoja wa meza uwe lami na mwingine uwe njia ya moramu. Je, nitupe nilichofanya nianze upya? Na kuna haja gani ya kufuata vipimo vya barabara halisi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kwamba chini ya maswali yote kuna wasiwasi kuwa huenda huna mkono wa kazi hii. Uondoe wasiwasi huo. Mtu aliyekata vipande vya sentimita 12 bila kuambiwa na mtu amekaribia sana upana wa barabara ya kweli, na hilo ndilo jambo ambalo wanaoanza hulikosa mara nyingi zaidi. Ulichokosa ni kujua barabara huipataje sura yake. Wajenzi wakishaondoka, kazi ya kuichonga huachiwa maji na magurudumu. Doa, ufa, shimo, kiraka, mstari uliofutika, vyote vina asili yake katika kimojawapo, na mara nyingi katika vyote viwili. Ukijiuliza kwanza maji yanakimbilia wapi na magurudumu yanapita wapi, vifaa ulivyonavyo sasa vitakutosha. Usipojiuliza hivyo, hata vifaa vya gharama kubwa vitakupa ubao ule ule wa darasani.

Nianze na vipimo, kwa kuwa vinaamua mengine yote. Katika skeli ya 1:64, mita moja ya kweli ni sentimita 1.56 mezani. Barabara kuu ya njia mbili yenye lami ya upana wa mita 7 huwa karibu sentimita 11, na ukiongeza bega la mita moja na nusu kila upande unafika sentimita 15 na nusu hivi. Mstari wa rangi wenye upana wa sentimita 10 huwa milimita 1.6 tu. Huenda wako ni mnene kuliko huo, na mstari mnene peke yake hutosha kuifanya barabara nzima ionekane ya kuchezea. Kwa hiyo ndiyo, vipimo vina haja kubwa, hasa vile vidogo ambavyo jicho hulinganisha na gari moja kwa moja: mstari, ukingo, kina cha shimo, ukubwa wa chembe ya mchanga.

Kwenye kona, hata hivyo, usiwe mtumwa wa skeli. Kona iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huhitaji nusukipenyo cha karibu mita 400, ambazo mezani ni zaidi ya mita 6. Hata ile ya kilomita 50 kwa saa, yenye nusukipenyo cha karibu mita 80, ingekula mita moja na robo ya meza yako. Sisi sote tunaofanya kazi hii tunaziminya kona, na jicho hukubali mradi upana wa lami na unene wa mistari ubaki sahihi. Vilevile usipanue lami ya njia mbili kwa sababu tu wachezaji wanataka nafasi ya kugongana. Wape nafasi hiyo kwa mabega mapana na uwanda tambarare kando ya barabara, ambako gari likiteleza litatua bila kubiringika hadi sakafuni. Mkitaka magari manne yapambane sambamba, tengeneza wazi barabara ya njia nne, ya sentimita 22 au zaidi. Tena, usipime barabara kwa lori la kuchezea. Magari haya hutengenezwa yaingie katika pakiti za ukubwa mmoja, hivyo malori na mabasi hupunguzwa kuliko magari madogo. Pima kwa gari dogo la kawaida.

Sasa kingo. Milimita 3 za hadibodi yako, ukizizidisha mara 64, ni ukuta wa sentimita 19, ambao gari dogo la kweli lingeukwamia. Wengi wakiona hivyo hudhani kosa ni barabara kuinuka, wakahangaika kuilaza sawasawa na ardhi. Barabara iliyojengwa vizuri huinuliwa kwa makusudi, ili maji yashuke kandoni badala ya kutuama. Kosa lako ni kule kusimama wima. Tuta la barabara hushuka kwa mteremko, kwa kawaida kimo kimoja kwa kimo kimoja na nusu au viwili vya kwenda kando, na chini yake hukaa mtaro. Kwa hiyo chukua msasa namba 80 uliouzungushia kipande cha mbao, laza ukingo mpaka uwe mteremko, kisha changanya gundi nyeupe, vumbi la mbao na rangi kidogo ya maji hadi upate uji mzito, uusambaze kwa kisu butu kutoka ukingoni kwenda nje kwa sentimita 3 au 4. Kabla haujakauka, pitisha nyuma ya kijiko mwishoni mwa mteremko huo. Hapo umepata mtaro, na maji yamepata pa kwenda.

Ukiwa bado na uji huo, fikiria mgongo wa barabara. Lami ya kweli huinuka katikati kwa takriban asilimia 2.5, yaani katika njia moja ya mita tatu na nusu ukingo hushuka chini ya katikati kwa karibu sentimita 9. Mezani hiyo ni milimita 1.4. Ni kidogo, na wengi huiacha. Mimi siiachi, kwa sababu mwanga wa taa ukipita pembeni huvunjika pale katikati na kuipa barabara mwili, na kwa sababu mgongo huo ndio utakaokuonyesha baadaye mahali pa kuweka madoa ya maji. Kipande chembamba cha karatasi ngumu kilichogandishwa katikati kwa urefu wote, kisha kikafunikwa na uji uliolainishwa kwa rula pande zote mbili, kinatosha.

Kuhusu kupinda, tatizo halikuwa wingi wa gundi peke yake. Gundi nyeupe ni maji kwa sehemu kubwa, na hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ulipoipaka upande mmoja, nyuzi za juu zilinywa maji zikavimba huku za chini zikibaki kavu, na ubao ukabenuka. Gundi ilipokauka ikanywea na kuvuta uso wa juu, na nyuzi zilizokuwa zimevimba zikarudi ndani, basi kingo zikainuka. Ukiweka tofali juu yake baada ya siku kadhaa utakuwa umechelewa, kwa sababu mvuto umekwisha kukauka pamoja na gundi. Dawa ni kusawazisha mvuto kwa upande wa pili. Lowesha upande wa chini wa ubao kidogo kwa sponji, upake gundi ile ile kwa kiasi kile kile, gandisha karatasi ya gazeti, kisha ulaze juu ya sakafu iliyo sawa, katikati ya karatasi za nailoni, na uzito juu yake, uuache ukauke polepole kivulini. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo usiharakishe na usianike juani. Kipande kilichopinda kidogo hurudi. Kilichopinda sana kipasue, ukitumie kwa mabega na matuta.

Kwa vipande vipya nashauri MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ya milimita 6 kwa vigae (vipande vya mraba vya kupanga mezani) vya sentimita 30 kwa 30, au ya milimita 9 kwa vigae vya sentimita 60 kwa 60, na kabla tone la maji halijagusa ubao, uupake vanishi ya mafuta pande zote mbili na kingoni. Ubao usiokunywa maji hauvimbi, na usiovimba haupindi. Plaiwudi nayo ni nzuri kwa kuwa tabaka zake hupishana, lakini ile ya bei nafuu huwa na mashimo ya ndani ambayo hufumka ukingo unapochongwa.

Tuje kwenye mabishano ya binamu zako. Anayetetea msasa ana hesabu nzuri. Kokoto ya milimita 14 inayomwagwa juu ya lami huwa milimita 0.22 mezani, na chembe za msasa namba 80 zina wastani wa milimita 0.2. Lakini kokoto ya kweli imezama ndani ya lami, kinachochungulia ni kichwa chake tu, kwa hiyo msasa namba 80 huonekana mkali mno. Namba 180 au 240 hukaribia zaidi kile ambacho jicho lako lingeona ukisimama mahali ambapo meza inakuweka, yaani juu na mbali. Jambo la pili ni kwamba chembe za msasa ni ngumu kuliko rangi ya magari yenu na magurudumu yake ya plastiki. Gari likipinduliwa na kuburutwa juu ya msasa mtupu litachubuka siku hiyo hiyo. Zipake chembe rangi ya maji mara mbili au tatu na vanishi isiyong'aa juu yake, makali yatafunikwa. Gandisha msasa kwa gundi ya mpira, ile wanayotumia mafundi viatu, maana gundi ya maji itaukunja. Na kwa kuwa karatasi ya msasa ina urefu wa sentimita 28 tu, panga mapema maungio yake yaangukie mahali utakapoweka kiraka au kalavati.

Anayetetea silikoni yuko karibu na ukweli, ila ametaja bomba lisilo lenyewe. Silikoni halisi, ile inayonuka siki inapokauka, haishiki rangi, na utapaka ikibanduka kama ngozi iliyoungua jua. Unachotafuta ni akriliki ya kuzibia nyufa za kuta. Hii hukauka kwa kupoteza maji, brashi yake huoshwa kwa maji, na kwenye bomba huandikwa kwamba inapakika rangi. Ukiisambaza kwa unene wa milimita 1 hadi 2 juu ya kitambaa kizito cha pamba kilichokazwa kwa pini juu ya ubao, ukanyunyiza mchanga laini kabla haijakauka, utapata barabara inayokunjika, inayolala juu ya vilima, na inayoviringishwa kabatini mchezo ukiisha. Usikitoe kitambaa kwenye pini mpaka akriliki ikauke kabisa, kwa sababu inaponywea huvuta, na kitambaa kilicholegea kitajikunja kingoni. Udhaifu wake ni kwamba haibebi mgongo wa barabara vizuri, na mitaro yake huwa ya kuchorwa tu.

Kwa meza moja isiyohamahama, kama yenu, ningechagua vigae vya MDF. Kama mngekuwa mnabeba mchezo kwenda nyumba ya mtu kila wiki, ningechagua kitambaa na akriliki bila kusita. Iko pia njia ya tatu ambayo watu huipenda kwa urahisi wake, nayo ni kuchapisha picha ya barabara kwenye fleksi ya mabango. Ni haraka, lakini fleksi inang'aa chini ya taa, na rangi utakayopaka juu yake baadaye yaweza kubaki inanata. Itumie kama ardhi ya muda mnapojifunza mchezo, si zaidi.

Sasa tufike kwenye rangi, ambayo ndiyo iliyokupa ubao wa darasani. Lami haiwi nyeusi ila ikiwa mpya. Katika miezi ya kwanza utando mweusi juu ya kokoto huliwa na matairi na jua, jiwe lenyewe linatokeza, na lami inayobaki katikati yake hupauka. Barabara ya miaka michache ni ya kijivu, tena kijivu chenye udongo ndani yake. Nyeusi tupu ina ubaya mwingine mezani. Kivuli hakionekani juu ya nyeusi, na bila kivuli cha gari juu ya barabara gari huonekana linaelea. Changanya rangi nyeupe ya maji na nyeusi hadi upate kijivu cha wastani, kisha tia kahawia kidogo ili kisielekee kwenye bluu. Igawe katika vikopo vitatu, kimoja ukiongeze nyeupe, kingine nyeusi, cha katikati ukiache. Paka kwanza ya katikati kote. Zile mbili nyingine usipake kwa kubahatisha, kwani zinakwenda mahali ambapo magurudumu yameamua.

Magurudumu ya gari dogo yameachana karibu mita moja na nusu, yaani sentimita 2.3 mezani. Kwa hiyo kila njia ina mapito mawili ya tairi. Kwenye lami ya kumwagia kokoto, hasa kwenye joto kama la kwetu, uzito wa matairi husukuma kokoto chini na lami hupanda juu, hivyo mapito hayo huwa meusi na laini kuliko pande zake. Chukua rangi iliyokolea, uipunguze kwa maji, uipitishe kwa sponji ndogo kufuata mapito hayo, ukikoleza penye mlima na penye kusimama, na kulegeza penye mwendo wa kasi. Rangi nyepesi weka katikati ya mapito na kingoni, kwa brashi kavu iliyofutwa karibu rangi yote. Ukikaribia mabega, changanya ndani yake rangi ya udongo wa mahali, kwa sababu mvua huleta udongo barabarani na tairi huusaga.

Mistari ichorwe baada ya hapo, kati ya vipande viwili vya selotepu ya karatasi, kwa kugonga sponji karibu kavu, si kwa kupitisha brashi. Sponji huacha rangi juu ya vichwa vya chembe tu, na huo ndio mstari uliochakaa. Usitumie nyeupe safi, itie kijivu tone moja. Kisha uufute kwa msasa laini mahali ambapo madereva hukata kona na kuukanyaga. Kama mchezo wenu umewekwa katika jangwa la Marekani, kama picha nyingi za michezo hii, mstari unaotenganisha pande mbili uwe wa njano, vipande vya karibu sentimita 5 vikiachana kwa sentimita 14 hivi, maana huko kila kipande ni futi 10 na nafasi ni futi 30. Kama umewekwa kwetu, toka nje na rula, upime kilicho mbele ya nyumba yako kabla ya kuamua.

Mashimo nayo yana sheria. Watu huyatawanya kila mahali, na hapo ndipo barabara nyingi zilizoanza vizuri huharibika. Shimo huanza na ufa mdogo. Maji huingia, hulainisha tabaka la chini, tairi likipita husukuma maji hayo kwa nguvu yakatoka na chembe za udongo, na lami iliyobaki bila cha kuishikilia huvunjika. Kwa hiyo shimo hukaa kwenye mapito ya magurudumu, au ukingoni ambapo maji ya begani hurudi ndani, au mahali pa chini ambapo mtaro umeziba. Kuzunguka shimo kuna nyufa ndogo zilizoungana kama wavu, na mbele yake kidogo kuna shimo jingine changa, kwa sababu gari lililoruka la kwanza hutua hapo. Kina cha sentimita 8 ni milimita 1.25 mezani, na usizidishe, maana gurudumu la gari lenu lina kipenyo cha karibu sentimita moja na litakwama. Mimi huchonga shimo kwa ncha ya kisu iliyolazwa, nikiacha ukingo mmoja mkali na wa pili uliolegea upande magari yanakoelekea. Ndani napaka rangi ya udongo wa chini, kamwe si nyeusi, kisha natupia chembe chache za kokoto nje ya ukingo uliolegea. Matone mawili ya vanishi inayong'aa humaanisha mvua ilinyesha jana. Kiraka, kwa upande mwingine, kina pembe nne zilizonyooka, kina rangi iliyokolea kuliko jirani yake, na kinainuka kwa unene wa karatasi moja.

Upande wa moramu utakupendeza zaidi kuufanya, na hapa vipande vyako vya zamani vina kazi. Mchanga wa pwani uliotumia una mambo mawili mabaya. Chembe ya milimita moja ni jiwe la sentimita 6.4, kwa hiyo kwenye lami ilionekana kama kifusi, lakini kwenye njia ya moramu mawe ya namna hiyo yapo kweli, hasa kandoni. La pili ni chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani, hufanya gundi ibaki laini na baadaye hutokeza kama ukungu mweupe juu ya rangi. Safari nyingine uoshe mchanga kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, uukaushe, ndipo uutumie. Kwa juu chukua moramu yenyewe, uikaange kwenye kikaango kikuukuu mpaka ikauke na wadudu wafe, uiponde, uichekeche kwa kitambaa cha chandarua, kisha kilichopita ukichekeche tena kwa soksi ya nailoni. Utapata daraja mbili, ya changarawe na ya vumbi. Gandisha changarawe kwa gundi iliyopunguzwa kwa maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kwa sababu bila sabuni maji hujikusanya juu ya vumbi yasiingie. Udongo uliogandishwa hubaki umekolea kuliko ulipokuwa mkavu, usishtuke. Mwishoni nyunyiza lile vumbi laini na ulishike kwa vanishi isiyong'aa, na rangi yake ya kweli itarudi.

Ukihitaji kisa cha kuchezea upande huo, historia yetu inacho. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kawaida ya mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba, katika njia ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na ikajulikana kama njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilianza kazi mwaka 1968, na lami ikakamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msafara wa malori kwenye njia kama hiyo ni mchezo mzuri, na unakufundisha jinsi mifereji ya matairi inavyozaliwa. Huchimbwa masika udongo ukiwa tope, kisha kiangazi huigandisha ikawa reli ambazo kila gari hulazimika kuzifuata. Kwa hiyo itengeneze hivyo hivyo. Paka uji wako wa gundi na vumbi, usubiri uanze kushika, funga gari moja kwa nailoni laini na ulibonyeze likipita huku na huku katika mapito yale yale, lakini lisizame zaidi ya milimita moja. Penye kilima, ongeza rasta, yaani vile vituta vya mfululizo vinavyokata barabara, kwa kuburuta kitana kilichong'olewa baadhi ya meno kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kila tuta likiachana na jenzake sentimita moja hivi, maana rasta za kweli huachana nusu mita hadi mita moja.

Mahali moramu inapokutana na lami ndipo watazamaji wako watasimama. Tairi linalotoka kwenye vumbi hulibeba na kulimwaga juu ya lami, zito karibu na njia panda na jepesi kadiri gari linavyokwenda. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto, gari linalokata kushoto huacha vumbi lake kwenye njia iliyo karibu, na linalokata kulia hulivusha katikati hadi njia ya pili. Chora mapito hayo mawili kwa vumbi lile laini na ukingo wa lami uumege kidogo pale tairi za nyuma za malori hukata kona. Kama meza yenu ni ya Kongo, Rwanda au Burundi, geuza kila kitu, kwa kuwa huko huendesha kulia.

Ili vigae viungane, kata kiolezo kimoja cha karatasi ngumu chenye umbo la ukingo wa barabara, pamoja na mgongo, bega na mtaro, na kila kigae ukipime kwa kiolezo hicho hicho, barabara ikitoka katikati kabisa ya ukingo wa kigae. Vumbi la mwisho na madoa yapakwe vigae vikiwa vimepangwa mezani pamoja, si kimoja kimoja, la sivyo kila kiungo kitajitangaza.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kukufanyia. Kazi ya kukata MDF kwa pembe sawa mpelekee fundi seremala mwenye msumeno wa meza, kwani kosa la milimita mbili kwenye kigae cha kwanza huwa sentimita kufikia cha sita. Vumbi la MDF lina gundi ya fomaldehaidi, kwa hiyo chonga nje ya nyumba ukiwa na barakoa, na watoto wasiwe karibu. Kama mmoja wenu ana pumu, asikae chumba kimoja na rangi ya kupuliza wala gundi ya mpira, na kifua kikibana au macho yakiendelea kuwasha baada ya kuyaosha kwa maji mengi, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mkitumia povu gumu jeupe kwa vilima, lipakeni rangi ya maji kwanza, kwa sababu rangi ya kupuliza huliyeyusha.

Usitupe kitu, basi. Chagua vipande viwili vilivyopinda kidogo, uvinyooshe kama nilivyoeleza, kimoja ukifanye lami na kingine moramu, uvitazame mchana dirishani na usiku chini ya taa mnayochezea. Rangi ikikubali nyakati zote mbili, ndipo umpelekee seremala vipimo vya meza nzima.